Mwalimu Mstaafu Anajibu: Kitabu anakisoma, gazeti linamshinda

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yupo darasa la tatu, shule ya serikali. Kitabu chake cha Kiswahili anakimwaga kama maji, ila nikimpa kipande cha gazeti anang'ang'ana na neno la kwanza. Kwenye daftari kaandika: "nili kwenda so koni ku nunua unga kwasababu mama alini tuma." Mwalimu wake kasema turudie sarufi likizo hii. Jirani ananiuzia kitabu cha mazoezi ya ngeli. Nianzie wapi?
Mama, Muheza

JIBU: Marahaba, mama. Ngeli ziache kwanza. Huyo kitabu hakisomi, amekikariri. Funika picha, kisha mwonyeshe maneno kuanzia mwisho wa mstari kurudi nyuma. Nahisi atakwama kwenye mb, nd, ny na ng', na zaidi kwenye mbw ya mbwa na ngw ya chungwa. Hapo ndipo pa kuanzia: silabi chache kwa siku, kwa sauti, kisha aziandike.

Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto akifika la tatu masomo yanaongezeka, na mwalimu mwenye darasa lililofurika anachukulia kuwa kusoma kumekwisha. Aliyebaki nyuma anakariri ili asichekwe.

Sasa hiyo "nili kwenda". Hili ndilo kosa ninalolikuta kuliko yote, hata kwa watu wazima wenye ofisi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Mwambie aseme sentensi yake polepole na apige kofi penye mkazo: nili-KWE-nda, so-KO-ni, kunu-NU-a. Kofi moja, neno moja. Akiandika "nili" peke yake, muulize hiyo nili ni kitu gani. Atacheka, ataiunga mwenyewe. Vijineno kama na, ya, ni na kwa vinasimama peke yao bila kofi, ndiyo maana "kwa sababu" ni maneno mawili. Hapo usilegeze.

Upatanisho, yaani maneno kukubaliana na jina, utakuja mezani, bila kutaja jina la ngeli hata moja. Anza na "Kitabu changu kipya kimepotea." Ondoa kitabu, weka vitabu. Weka daftari: langu jipya limepotea. Weka kalamu moja, kisha kalamu nyingi: yangu mpya imepotea, zangu mpya zimepotea. Mwishowe mtegee kiboko. Akisema "kikubwa kimetoka mtoni", mkumbushe kwamba kiboko anapumua: mkubwa ametoka.

Kuandika, mpe kazi yenye faida. Akuandikie orodha ya dukani, aipeleke mwenyewe, muuzaji aisome. Jioni imla ya mistari mitatu, na wiki hiyo sahihisha kosa la aina moja tu, labda hilo la kutenganisha. Makosa ya kuchanganya l na r yatasubiri zamu yake. Kalamu nyekundu mwachie mwalimu wake. Mtoto akiona daftari la nyumbani nalo limejaa damu, atalificha.

Kama anasogeza kitabu karibu na pua, mpeleke apimwe macho kabla ya yote haya. Na cha jirani usikinunue bado.