Soma Chuma, Usisome Tangi

Kabureta ya kwanza niliyoagiza kwa ajili ya Guzzi yangu, pikipiki ya Kiitalia yenye kabureta mbili, moja kila upande, ilikuja ya upande usio wake. Nilimwandikia muuzaji kwamba nataka kabureta ya Moto Guzzi 850 T3, nikalipa, nikasubiri wiki mbili. Ilifika safi, inang'aa. Nilipoifunga kushoto, skrubu ya sailensa, ile ya kurekebisha mngurumo wa injini pikipiki ikiwa imesimama, ikageukia ndani, bisibisi haipiti hata kwa dawa.

Ndipo nikaichukua ile kuukuu, nikaisugua kwa petroli na mswaki. Chini ya grisi ya miaka arobaini zikatokea herufi: DELLORTO, halafu VHB 30 CS. Hiyo 30 ni kipenyo cha koo lake kwa milimita. S ni sinistra, yaani kushoto. Niliyoletewa iliandikwa CD: destra, kulia. Jibu nilikuwa nalo gereji siku zote.

Basi ushauri wangu kwa anayefufua pikipiki ya zamani ya Kiitalia ni huu: jina la kwenye tangi lisikutangulie dukani. Moto Guzzi hawakutengeneza kabureta. Zilitoka kwa Dell'Orto, kampuni iliyoanza Seregno mwaka 1933. Breki za T3 yangu, diski tatu, ni za Brembo wa Bergamo. Ekzosi ni Lafranconi, ambao walikuwa Mandello del Lario kulekule kwa Guzzi. Ukitafuta "spea ya Guzzi" unapata anachotaka kukuuzia mtu. Ukitafuta jina na namba iliyo kwenye chuma, unapata kifaa chenyewe, na mara nyingi kwa bei nafuu, kwa sababu kilifungwa pia kwenye pikipiki za watu wengine.

Kwa nini ikawa hivyo? Tazama walikotoka watengeneza pikipiki wa Italia. Laverda wa Breganze walikuwa watu wa mashine za kilimo tangu 1873. MV Agusta ilitoka kwenye familia ya watengeneza ndege. Ducati ilianzishwa Bologna mwaka 1926 kutengeneza vifaa vya redio. Kiwanda kikapigwa mabomu 1944, na baada ya vita wakaanza kuunda injini ndogo ya kufunga kwenye baiskeli, Cucciolo, yaani kitoto cha mbwa, ambayo nayo ilibuniwa Torino, si kwao. Ninayempenda zaidi ni Teresa Benelli wa Pesaro, mjane, aliyewafungulia wanawe sita karakana mwaka 1911 ili wapate kazi. Guzzi yenyewe, 1921, ilikuwa ndoto ya watu watatu waliojuana katika kikosi cha anga: Carlo Guzzi, Giorgio Parodi na rubani Giovanni Ravelli. Ravelli alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1919, kabla kampuni haijazaliwa. Yule tai kwenye tangi ni kwa ajili yake. (Nimesema tangi lisikutangulie dukani, sikusema usilitazame.)

Watu wa namna hiyo walijua injini na fremu. Vingine walinunua kwa jirani aliyevijua zaidi: shokapu kwa Marzocchi au Ceriani, rimu kwa Borrani wa Milano, saa za spidi kwa Veglia.

Na wenye Vespa Unguja wasidhani hawamo. Vespa nyingi za zamani zina kabureta ya Dell'Orto vilevile. Hata bajaji tunayopanda Dar ina ukoo huo: Bajaj wa India walianza kuunda skuta kwa leseni ya Piaggio, na Piaggio ndio walioleta Ape ya magurudumu matatu mwaka 1948.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, fungua kifaa, kioshe, kipige picha pande zote, pima kipenyo kwa kalipa, ile rula yenye taya. Andika kila herufi, hata ile unayoiona haina maana. Usimtupie muuzaji picha ya pikipiki nzima. Atakuambia "ninayo", kisha yatakukuta yangu.

Mwaka jana nilikwenda Novegro, karibu na Milano, kwenye mnada wa spea kuukuu. Ni kama mitumba ya Karume, ila vimetandikwa vyuma. Nikamkuta mzee na makopo yake ya biskuti yamejaa vikorokoro. Sikutaja Guzzi kabisa. Nikasema, "VHB 30."

Akanitazama juu ya miwani. "Kushoto au kulia?"