Jibu kwa dada wa Malindi: kwenye insia dijitali, itangulie kompyuta au khati?

Dada yangu, umesema umemaliza shahada ya Kiswahili na historia, umesikia habari za insia dijitali, yaani kuchunguza lugha, historia na sanaa kwa msaada wa kompyuta, na sasa unafikiria kukopa ulipie kozi ya kuandika programu. Usikope bado. Nakujibu kwa niliyoyaona hapa Lamu, maana kazi hii niliingia nikiwa mbeba taa.

Mbeba taa kwelikweli. Mradi wa chuo kimoja cha ng'ambo ulikuja kupiga picha miswada ya majumbani, vile vitabu vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono, wakanitaka mimi kwa sababu nyumba za mtaa wetu wa Mkomani zanijua. Kupiga picha ni kazi nyepesi: kitambaa cheusi, taa mbili, kamera imefungwa ikitazama chini, unafunua ukurasa, unabonyeza, unafunua mwingine. Stima ikipotea mnakunywa kahawa mkingoja. Uzito ulikuja kwenye kuorodhesha. Kila mswada wataka jina, mada, mstari wa kwanza na jina la mnakili. Mtaalamu wao alikuwa na Kiarabu kizuri kunishinda. Tulipofika kwenye utendi akakwama.

Wanakili wetu wa zamani waliandika Kiswahili kwa khati ya Kiarabu, na b, p na mb wakaziandika kwa herufi moja tu, be. Nukta tatu za p zipo siku hizi, hata kwenye simu unaziandika, lakini yule mnakili hakuzitumia. Kwa hiyo be mbili zenye fataha, ile alama ya sauti a, zaweza kusomeka baba, papa, bamba au pamba. Mtaalamu aliandika baba. Bibi mwenye nyumba alikuwa amejinyoosha mkekani, hata ukurasa hakuutazama, akaomba asomewe ubeti. Akacheka mpaka akakaa kitako. "Mwanangu, mato unayo! Baba hutiwaye ndani ya mto?" Mato ni macho. Na neno lilikuwa pamba. Ubeti ulisema habari za mto wa kulalia.

Hapo ndipo utafiti wenyewe ulipo. Watu wanasema mashine sasa zasoma miandiko ya mkono, na ni kweli: programu ya Transkribus, iliyozaliwa Austria, waifundisha kwa kurasa ambazo mtu ameshazisoma na kuzinukuu. Lakini mtu huyo yuko wapi? Wenye kuandika programu ni wengi. Wenye kusoma utendi wa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kwa khati ya Kiarabu bila kuweka baba ndani ya mto, ukiwahesabu hutamaliza vidole. Ukiwa mmoja wao, wenye kompyuta watakutafuta wenyewe.

Halafu kuna mabishano ya lahaja, ambayo mimi nina upande wangu. Kopasi kubwa ya Kiswahili ya Helsinki, yaani hazina ya matini ya kutafutia maneno kwa kompyuta, ina maneno kama milioni 25, mali kubwa, ila sehemu kubwa ni Kiswahili sanifu cha magazeti na vitabu. Ukitafuta "macho" kwenye tendi zetu hupati kitu, kwa kuwa zimeandika "mato". Nchi ni "nti". Na "ndoo" kwetu ni njoo. Nimewahi kuona mashine ikitafsiri mwaliko wa mpenzi kuwa chombo cha kutekea maji. Wako wanaotaka kila kitu kisanifishwe ili kitafutike. Mimi nasema liwekwe neno kama lilivyo, na la sanifu liambatanishwe chini yake. Kazi inakuwa mara mbili, najua.

Ugomvi mkubwa zaidi ni wa nani mwenye mali. Miswada ya msikiti wa Riyadha wa hapa Lamu ilipigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kumbukumbu zilizo hatarini, na yenyewe ilibaki hapa hapa, maana sharti la mpango ule ni kwamba asili haitoki nchini. Oktoba 2023 maktaba ile ikavamiwa na wadukuzi, picha hazikufunguka kwa muda mrefu. Huku karatasi zilikuwa zimetulia kabatini.

Nyumba ya yule bibi haikuwa na bahati hiyo. Waliachiwa diski ambayo hakuna kifaa chao kilichoweza kuifungua, na picha za mtandaoni zikataka akaunti ya chuo. Na fomu ya ridhaa, ya Kiingereza, shahidi aliyetia sahihi ni mimi, bila kuisoma mpaka mwisho. Mjukuu wake hunikumbusha kila tukikutana bandarini. Siku hizi kuna kanuni za CARE za mwaka 2019 kuhusu haki ya jamii juu ya data zao, na Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi. Zisome kabla hujashika kamera ya mtu.

Nafasi? Mpango ule wa Uingereza hutoa ruzuku. Masakhane, mtandao wa watafiti wa lugha za Kiafrika, hupokea wa kujitolea, na mradi wa Common Voice hukusanya sauti za Kiswahili za kufundishia mashine. Kasome na lafudhi yako ya Malindi, isijae ya redio tu. Tovuti ya Programming Historian ina masomo ya bure ya kompyuta, kwa Kiingereza ingawa si kwa Kiswahili, basi kozi ya kulipia ya nini? Fedha za Marekani usizitegemee peke yake: Aprili 2025 ruzuku nyingi za mfuko wao wa taifa wa insia zilifutwa kwa barua tu, kazi zikiwa katikati.

Ukitaka kuanza na khati, panda basi la alfajiri hadi Mokowe, kisha boti. Bibi yuko, na kurasa zilizochapishwa za mswada wake nimempelekea mwenyewe, herufi kubwa. Kompyuta iache, njoo na daftari. Ila adhuhuri hulala, kwa hiyo fika baada ya alasiri.