Kinoo, mashine au kifimbo cha chuma?

Umeuliza ununue kipi ili visu vyako vya jikoni vikate tena. Mimi ningechukua kinoo cha pande mbili, namba 1000 upande mmoja na 3000 au zaidi upande wa pili (namba ikiwa kubwa, chembe za jiwe ni laini zaidi). Mashine ya umeme ina haraka, ila inakula chuma; kisu kizuri kinakonda kabla ya wakati wake. Kile kifimbo nacho hakinoi hasa, kinanyoosha tu makali yaliyolala, kwa hiyo kisu kikishakuwa butu kabisa utakisugua mpaka mkono uchoke bure.

Kazi yote iko kwenye pembe. Kwa kisu chenye upana wa sentimita 4, inua mgongo wake kama sentimita 1 juu ya jiwe lililoloweshwa; hapo uko karibu na digrii 15. Sugua upande mmoja bila kubadilisha mwinuko, halafu pitisha kidole kwa upole upande wa pili, ukitoka mgongoni kuelekea makali (usikipitishe kwa urefu wa makali!). Ukihisi kama kijiukingo cha chuma kinakwaruza kuanzia mpinini hadi nchani, geuza. Wengi wanakata tamaa kabla ya kukihisi, kisha wanalaumu jiwe. Malizia na namba ya juu, kwa mkono mwepesi.

Kisu cha meno kama cha mkate usikiweke kwenye jiwe bapa, utayafuta meno.

Jaribu kwenye nyanya: ikate bila kukandamiza.