Kupimwa tena kuna faida gani?

SWALI: Binti yangu wa miaka 14 huanguka na kupoteza fahamu, lakini kipimo cha umeme wa ubongo hakikuonyesha kitu. Kwa nini daktari ataka alazwe apimwe tena? Mama, Kayole, Nairobi.

JIBU: Mama, kipimo cha kawaida huchukua takriban nusu saa, na kwa kuwa mawimbi ya kifafa hujitokeza kwa vipindi, wagonjwa wengi huonekana hawana dosari siku ya kwanza. Akilazwa siku kadhaa na kurekodiwa kwa video usiku na mchana, hasa akiwa usingizini, daktari hulinganisha tukio lenyewe na mawimbi yake, akatambua kama ni kifafa au maradhi mengine yanayofanana nacho. Gharama ni kubwa, sikatai. Ila dawa zisizomfaa nazo hununuliwa kila mwezi.