Unamfuata mume Hamburg? Jina lako liwepo kwenye sanduku la barua

Mdogo wangu wa Bagamoyo, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema mumeo amepata kazi Hamburg, mnaondoka mwezi wa tisa, wawili tu bila mtoto. Yeye atakuwa kazini kutwa, wewe hujui utashinda ukifanya nini. Ukauliza maisha ya kila siku yakoje na ubebe nini. Walionitangulia kujibu wamekueleza habari za koti na viatu vya baridi. Koti utalinunua hukohuko, wala lisikukoseshe usingizi. Mimi nimekaa Hamburg na mume wangu tangu Septemba 2021 hadi mwanzoni mwa 2025. Sasa tumerudi Tanga, tupo Chumbageni. Ninalotaka ulijue ni lile la kushinda ndani katika mji ambao hakuna hata mtu mmoja wa kukuita jina lako.

Nianze na lugha. Mume wangu aliingia kwa kibali kile cha wenye shahada, Blue Card. Mke wa mwenye kadi hiyo hadaiwi cheti cha Kijerumani kabla ya kusafiri, ilhali wake wengi wengine hudaiwa cha A1, ngazi ya kwanza ya lugha. Nikaona nimepata nafuu. Nikatoka Tanga sijui hata kuhesabu mpaka kumi. Mdogo wangu, ile haikuwa nafuu. Miezi hii uliyobakiwa nayo uitumie, Goethe-Institut ipo Dar, na kutoka Bagamoyo si mbali. Hata kama kibali cha mumeo hakikudai cheti, soma. Utajidai mwenyewe wiki ya kwanza tu utakapofika.

Kule mambo yote huja kwa barua ya karatasi: bima, benki, kodi, kibali cha kukaa, shule ya lugha. Na jengo lina namba yake, lakini milango ya ndani mara nyingi haina. Mtu wa posta anafika pale chini, anasoma majina yaliyobandikwa kwenye visanduku vya barua. Jina halipo, barua inarudi ilikotoka. Sanduku letu liliandikwa ubini wa mume wangu peke yake, na sisi huku mke hachukui jina la mume, mimi natumia la baba yangu. Basi kila barua yangu ikawa inarudi. Kadi ya bima ya afya ilirudi. Barua ya kuniita kwenye kozi ya Kijerumani ilirudi, na nafasi akapewa mwingine. Nilikaa miezi karibu mitatu nikidhani nimesahauliwa, kumbe nilikuwa naandikiwa na sionekani.

Miezi ile mitatu ndiyo iliyokuwa migumu kuliko baridi yote iliyofuata. Mume anatoka saa moja kasoro, giza. Anarudi saa kumi na mbili jioni, giza. Mwezi wa Desemba jua la Hamburg hutoka saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi. Mimi nimepika, nimefagia, nimempigia mama mpaka bando limekwisha. Mtu wangu akirudi namrukia na maneno ya kutwa nzima, naye amechoka, anataka kunyamaza kidogo. Kisha namkabidhi makaratasi niliyoyakuta chini anisomee, naye anasoma kwa kutafsiri na simu, anakunja uso, tunaanza kukosana. Tulikosana kwa mambo ambayo Tanga tusingeyapa hata dakika. Nilianza kumwonea kinyongo kwa kuwa yeye ana watu wanaomwita jina, mimi sina. Yeye akaanza kuona nyumbani ni zamu ya pili ya kazi. Nakwambia hili waziwazi kwa sababu kwetu mke anayelia Ulaya huambiwa ana kufuru ya neema, basi hunyamaza.

Kilichotuokoa kilianza na kijikaratasi. Mume wangu alimuuliza mwenzake kazini kwa nini barua zangu hazifiki, akaambiwa siri ya visanduku. Jioni ileile akaandika jina la baba yangu chini ya lake, akalibandika sandukuni na kwenye kengele. Haikupita wiki, mama mmoja mtu mzima wa mlango wa pili akanikuta ngazini, akasema Frau, yaani Bibi, kisha jina la baba yangu. Baba alikwishafariki. Miaka mingi sikuwa nimelisikia jina lake likitamkwa asubuhi na mtu anayenisalimu. Nilirudi ndani nikakaa kitako nikalia, lakini kilio cha namna nyingine.

Bibi huyu alikuwa na vyungu vya maua dirishani, majani yake kama yana manyoya, maua ya zambarau. Nikamwonyesha kwa kidole kuuliza jina. Akasema, Usambaraveilchen. Kijerumani changu kilikuwa sifuri, ila "Usambara" niliisikia barabara. Nikatoa simu nikamwonyesha ramani: Tanga hii, Muheza hii, na milima ile pale. Yeye amemwagilia ua lile miaka na miaka hakuwa amewaza kwamba Usambara ni mahali wanapoishi watu. Baadaye nilijisomea habari zake. Mjerumani mmoja mtawala wa enzi za ukoloni, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake mbegu zake Ujerumani mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliandika kitaalamu huko Hannover. Leo lipo kwenye madirisha dunia nzima, na huku kwetu misitu inavyokatwa, lile la mwituni linazidi kuadimika. Hilo linaniuma mpaka leo. Lakini ndilo lililonipa mtu wa kwanza Hamburg. Kila Alhamisi saa tisa alasiri nikawa nakwenda kwake kunywa kahawa.

Nasema saa tisa kwa makusudi, maana hawapigiani hodi kama sisi. Unaalikwa kwa siku na saa, unafika kwa saa hiyo. Na hapa kuna mtego wa lugha ambao ulinigharimu. Wao husema halb drei, yaani nusu ya tatu, nao wanakusudia nusu inayoielekea tatu, kwa saa zetu ni saa nane na nusu mchana. Mimi nikadhani ni tatu na nusu yao, saa tisa na nusu yetu. Nikafika kwa daktari nimechelewa saa nzima, nikapangiwa tena baada ya wiki tano. Ukitajiwa saa, omba uandikiwe kwa tarakimu: 14:30.

Mkishahamia nyumba mna wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya wakazi, na lazima mwende na karatasi aliyotia saini mwenye nyumba. Kujiandikisha huko wanakuita Anmeldung, na bila hiyo hakuna kinachosonga. Bima ya umma humchukua mke asiye na kipato bila kuongeza makato ya mume, kwa hiyo hakikisha ameijaza fomu yako mapema. Kuna ada ya redio na televisheni, wakati wetu ilikuwa euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni usiwe nayo. Sisi hatukuwa nayo, tukaitupa barua ya kwanza na ya pili. Ya tatu ilikuja na faini.

Kodi ya nyumba wanaitaja mara mbili, ya baridi na ya moto. Ya baridi ni nyumba tupu, ya moto ni pamoja na maji, taka na joto. Ukiona tangazo uliza ya moto. Na hata ya moto ni makadirio. Mwaka ukiisha hupigwa hesabu ya joto mlilotumia hasa, na sisi tulitakiwa kuongeza zaidi ya euro 400. Kosa lilikuwa langu la ugeni: nilikuwa naacha dirisha limeinama kidogo kutwa huku hita inawaka. Nikaambiwa nifunge, nikafunga kabisa. Nachemsha tui, naanika nguo chumbani, mvuke hauna pa kutokea, ukutani nyuma ya kabati kukaota ukungu mweusi. Bibi wa mlango wa pili ndiye aliyenifundisha: zima hita, fungua madirisha yote wazi dakika tano mpaka kumi, funga, washa. Asubuhi, mchana, jioni.

Chakula kisikutishe. Mtaa wa Steindamm, karibu na stesheni kuu, una nyama halali, nazi, bamia, na ukiuliza vizuri unga wa sembe. Jumapili maduka yanafungwa, mji unatulia kama siku ya msiba. Lakini Jumapili hiyohiyo alfajiri kuna soko la samaki Altona, lipo tangu 1703. Kiangazi hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, baridi saa moja, na saa tatu na nusu limekwisha. Mara ya kwanza kusikia wale wauzaji wakipiga kelele za kunadi, mume wangu alinishika mkono akasema, "Hii si Deep Sea hii?" maana ndilo soko letu la samaki Tanga. Samaki changu hakuna, tulipika dorade kwa ukwaju. Tukawa tunakwenda kila Jumapili, mvua isitukataze. Hiyo ikawa safari yetu ya wawili, hatukuzungumza barua wala kazi. Jitafutieni yenu.

Barua tuliziwekea Jumamosi asubuhi, na msomaji nikawa mimi, yeye ananisaidia nikikwama. Nilipopata kozi ya serikali, masomo 600 ya lugha na 100 ya sheria na historia, nilikuwa tayari najua maneno ya bima na mikataba. Mwaka wa pili nikapata kazi jikoni kwenye shule ya chekechea. Kibali cha mke anayemfuata mume kinaruhusu kufanya kazi, usikubali mtu akudanganye.

Ramadhani ya 2024 iliangukia kwenye kugeuzwa saa. Tarehe 30 Machi tulifuturu karibu saa moja usiku, tarehe 31 karibu saa mbili, kwa kuwa usiku ule saa husogezwa mbele. Saumu haikurefuka, ni saa tu, lakini kama hukuambiwa unaweza kukosa daku. Funga ya majira yale inabebeka. Isha ya mwezi wa sita ndiyo inayotaka subira, maana jua linazama karibu saa nne usiku.

Ulivyouliza vya kubeba: usibebe nyama, samli wala maziwa. Samli ya bibi yangu ilichukuliwa forodhani, nami naijua kazi iliyofanyika kuipata. Machungwa ya Muheza wala maembe hayaingii bila cheti cha afya ya mimea. Nazi inaruhusiwa, lakini mbuzi yake hutaikuta kule, basi ubebe. Beba iliki na mdalasini wako, leso zako, na cheti cha ndoa kilichotafsiriwa Kijerumani na mtafsiri aliyeapishwa.

Mkijua mtaa mtakaokaa, niandikie hapahapa. Bibi yule tunapigiana simu mpaka leo, na lile ua bado analo. Kama mtakuwa upande wa Altona nitamwambia akutarajie, nawe umwambie unatoka Bagamoyo, umwonyeshe na kwenye ramani.