Salamanda si mjusi wa majini

Msomaji wa Nyegezi, Mwanza, ambaye anafundisha sayansi katika shule ya msingi, ameniletea swali hili: "Katika vijitabu na video zilizotafsiriwa ambazo wanafunzi wangu wanazitazama siku hizi, salamanda huitwa 'mjusi wa majini'. Je, hilo ndilo jina lake la Kiswahili? Na yule anayeitwa nyuti tumwiteje? Wingi wa majina hayo ni upi?"

Hapana, Mwalimu, hilo si jina lake, na nakuomba usiliandike ubaoni. Mwite salamanda. Neno hili lilianzia katika Kigiriki, likapita katika Kilatini na lugha nyingine za Ulaya hadi likatufikia, nalo halina kasoro yoyote. Lugha iliyopokea meza kutoka kwa Wareno na kitabu kutoka kwa Waarabu haitapungukiwa kitu kwa kumpokea mnyama ambaye haishi katika nchi zetu. Katika Afrika yote, salamanda wa asili wanapatikana kaskazini tu, huko Moroko, Algeria na Tunisia, na kusini mwa Sahara hayupo hata mmoja. Wazee wetu hawakumpa jina kwa kuwa hawakupata kumwona.

Kinachonikera, na kimenikera kwa muda mrefu, ni tabia ya wafasiri kumwona mnyama ana miguu minne na mkia mrefu, kisha kumbandika jina la mjusi na kuendelea na kazi. Kamusi nazo huwasaidia kwa maelezo ya "aina ya mjusi". Salamanda si aina ya mjusi. Mjusi ni reptilia. Salamanda ni amfibia, na ndugu zake wa karibu ni vyura. Kwa nasaba, mjusi yuko karibu zaidi na kuku kuliko alivyo na salamanda, na mtoto aliyefundishwa kinyume chake amepotoshwa na jina kabla hajafika kwenye somo lenyewe.

Mwalimu anayeishi Mwanza ana bahati, kwa sababu kielelezo cha mjusi kimemzunguka. Apandishe wanafunzi kwenye majabali yoyote ya mji wakati wa jua kali, wamtazame yule mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu anapoota jua huku akiinua na kushusha kifua chake. Ngozi yake ni kavu na imefunikwa na magamba. Vidole vyake vina kucha za kukwaruza mwamba. Ubavuni mwa kichwa chake wataona mahali pa sikio. Sasa awaambie kwamba salamanda hana magamba, hana tundu la sikio kwa nje, na karibu salamanda wote hawana kucha. Wengi wana vidole vinne miguu ya mbele na vitano ya nyuma. Ngozi yake ni laini na lazima iwe na unyevu, maana hupitisha hewa. Jamii iliyo kubwa kuliko zote miongoni mwa salamanda haina mapafu kabisa, bali huvuta hewa kwa ngozi na utando wa kinywa. Jabali ambalo mjusi wetu analifurahia saa saba mchana lingemkausha salamanda hadi afe.

Watetezi wa jina hili hunijibu kwamba wanyama hawa wanafanana. Katika msafara wa mamba na kenge wamo, lakini hakuna mvuvi wa ziwa hili anayemwita kenge mamba. Na nikimtaja kenge ndipo hoja yao inapovunjika kabisa. Kama kuna mnyama anayestahili kuitwa mjusi wa majini, basi ni huyo kenge wa ufukweni, ambaye ni mjusi wa kweli, anaogelea kwa ustadi, na anaweza kufikia urefu wa mita 2. Mtoto wa Nyegezi akisikia "mjusi wa majini" atamfikiria kenge, naye atakuwa amelielewa Kiswahili vizuri kuliko mfasiri. Hata hivyo, kenge huyo apendaye maji hatagi majini. Jike huchimba kichuguu, akataga mayai yake yenye ganda humo, na mchwa wakaziba tundu. Salamanda hutaga mayai yasiyo na ganda, yaliyozungukwa na ute kama ya chura, ambayo hukauka upesi yasipopata unyevu.

Hata hayo maneno "wa majini" ni kweli nusu tu. Wengi wa salamanda wasio na mapafu hutaga chini ya magogo na mawe yenye unyevu, na watoto wao huanguliwa wakiwa na umbo la wazazi, bila kuogelea hata siku moja. Wapo wengine, kama aksolotli wa Meksiko, ambao hubaki majini maisha yao yote, wakiwa na matamvua yao nje ya shingo, na huzaana wakiwa katika hali hiyo hiyo ya utoto. Jina linalomfaa mmoja na kumsingizia mwenzake haliwezi kuwa jina la wote.

Nyuti ni salamanda. Kila nyuti ni salamanda, lakini si kila salamanda ni nyuti. Wafasiri wengine humwita "mjusi mdogo wa majini", na hapo kosa limeongezewa kivumishi. Yuko nyuti wa mashariki ya Marekani ambaye huanza maisha bwawani, akatoka akiwa na rangi ya chungwa iliyokolea na kuishi msituni kwa miaka kadhaa, kisha akarudi majini akiwa mtu mzima mwenye rangi ya kijani. Aitwe nyuti, basi.

Kuhusu wingi, majina yote mawili hayabadiliki, na upatanisho ni wa A-WA: salamanda huyu amejificha, salamanda hawa wamejificha, nyuti yule, nyuti wale. Sioni haja ya "masalamanda". Mtoto wake aliye majini anaweza kuitwa kiluwiluwi, ingawa wapo wanaotaka neno hilo liachiwe chura peke yake. Mimi nalikubali, mradi mwalimu aeleze kwamba kiluwiluwi cha salamanda ni kiwindaji tangu mwanzo, na kwamba miguu yake ya mbele ndiyo hutangulia kuota, ilhali kwa kile cha chura hutangulia kuonekana ya nyuma.