Fundi wa Sauti Anajibu: Spika za ndani ya ukuta, amua kabla ya plasta

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Kibaha najenga nyumba ya vyumba vitatu, ukuta ni block za inchi 6, tumeshapaua na sa hivi fundi umeme anatindua kupitisha paipu, wiki ijayo tunaanza plasta. Mume wangu anataka spika za kuzama ukutani pale sebuleni kwa ajili ya mpira na muvi, zile zinazobaki wavu tu unapaka rangi moja na ukuta. Fundi umeme anasema kazi ndogo, anachimba block anaingiza spika anazungushia simenti basi. Mi naogopa. Na hela ya kununua spika zenyewe hatuna mpaka mwakani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba dada yangu. Yaani nimefurahi sana umeuliza wiki hii na sio wiki ijayo, maana hatua uliyopo ndo nzuri kuliko zote. Mwambie fundi umeme aendelee na soketi zake ila kwenye spika aweke tindo chini kwanza.

Hizi spika zilitengenezwa kwa ajili ya nyumba zenye kuta zilizo wazi katikati, mbao zimesimama alafu bodi huku na bodi huku. Nyingi haziji na boksi lake, ule uwazi wa ndani ya ukuta ndo unakuwa boksi. Sasa ukuta wetu wa block hauna uwazi wa hivyo. Spika ya kawaida ya aina hii inataka kina cha sentimita 8 mpaka 10, na block ya inchi 6 ni sentimita 15, kwaiyo ukichimba 10 nyuma imebaki ganda la sentimita 5 na plasta, hapo umeshaharibu ukuta, nyufa zitakuja, na chumba cha nyuma watasikia mpira wote kama wamekaa na nyie. Na sauti yenyewe haitakuwa nzuri, koni, yaani ule uso wa spika unaosukuma hewa, haina hewa ya kutosha nyuma yake, besi inakufa, mtangazaji anasikika kama kaziba pua. Na nguzo na lenta asiguse kabisa, hata kwa sentimita moja, hapo nakuomba usimame mwenyewe usimamie.

Kinachofaa kwa nyumba kama yako ni kujenga ukuta mwepesi mbele ya ule wa block, upande wa TV tu. Unasimamisha fremu ya mbao 2x4 au zile chaneli za chuma za jipsamu, unaacha nafasi kama sentimita 10, unafunga jipsamu bodi ya milimita 12, na ukiweza piga bodi mbili moja juu ya nyingine maana bodi moja ikipigwa na besi inatetemeka na kulialia. Nyuma ya kila spika tengeneza boksi la plaiwudi au MDF, ujazo wake utausoma kwenye karatasi inayokuja na spika, ndani jaza pamba ya kufyonza sauti bila kuishindilia. Sebule itapungua kama sentimita 12 upande mmoja tu, na waya zote za TV zitajificha humohumo. Na hii yote unaifanya mwakani hela ikipatikana, wiki hii haikuhusu.

Wiki hii kinachokuhusu ni paipu. Nunua PVC ya milimita 25, sio 20, uvutaji wa waya utakuwa rahisi. Zote zianzie pale itakapokaa amplifaya chini ya TV, moja iende kushoto ya TV, moja kulia, moja katikati, moja kwenye kona itakayokaa sabufa, na mbili ziende kuta za pembeni, nyuma kidogo ya pale mtakapokaa. Hizo mbili za pembeni zisije kwenye sofa moja kwa moja, ziwe juu ya kichwa kidogo, na pale kwenye kuta za block usitafute spika ya kuzama, tundika ndogo ya kawaida ukutani, waya unatokea kwenye boksi kama la swichi. Kila paipu acha kamba ndani. Kona zipindwe taratibu, zile elbo kali waya haupiti.

Paipu za spika zisipite pamoja na za umeme. Waya wa spika na waya wa 230V hawakai paipu moja hata siku moja, hiyo ni ya usalama kabla hata ya sauti, ganda likichubuka umeme unaingia mpaka kwenye amplifaya na mkono wa mtoto. Acha kama sentimita 30 kati yao, na pale lazima zikutane basi zikatizane kama msalaba, zisitambae pamoja. Waya wa sabufa ndo mbaya zaidi, unabeba sauti ndogo ambayo haijakuzwa, ukilala pembeni ya umeme unaokota ule mngurumo wa 50Hz na utausikia usiku nyumba ikitulia.

Urefu: twita, yaani kale kaspika kadogo ka sauti nyembamba, iwe usawa wa sikio la mtu aliyekaa, kama mita 1 kutoka sakafu. Sakafu ninayosema ni ya mwisho, baada ya zege na tailizi. Hapo wengi wanakosea, wanapima leo kwenye jamvi tupu alafu sakafu inapanda sentimita kadhaa na boksi zote zinakuwa chini.

Na kabla ya plasta piga picha kila ukuta, futi iwe imefunguliwa na inaonekana kwenye picha. Mimi nyumba moja Tabata sikupiga, nilijiamini nakumbuka, tulivyorudi baada ya miezi nane rangi imeshapakwa, nikagongagonga ukuta kwa kidole kutafuta boksi moja na nikafungua matundu manne kabla sijalipata, tena kwenye ukuta wa sebule wa mtu. Mpaka leo inaniuma.

Waya ukifika wakati wake, wa milimita 1.5 za mraba unatosha kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme) mpaka kama mita 15, zaidi ya hapo chukua 2.5. Dukani kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona ndani mweupe hiyo ni alumini imepakwa shaba, inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba yenyewe na ikipindwapindwa inakatika. Kitu unachokizika ukutani nunua shaba tupu.

SWALI: Assalaam aleykum fundi. Mie nipo Unguja, Mji Mkongwe, nyumba ya marehemu babu, kuta za mawe na chokaa, nene kweli. Wanangu wanataka spika za ukutani ukumbini. Ukuta mnene hivi si ndio vizuri, tunachimba tu?

JIBU: Waaleykum salaam mama. Naomba usichimbe, na hili nalisema kwa moyo wote. Unene wa ukuta wa mawe haumaanishi ndani kuna jiwe moja kubwa, ni mawe ya matumbawe yamepangwa yakashikwa na chokaa, ukianza kupiga tindo au drili ya nguvu unalegeza hata yale usiyoyagusa. Alafu fundi ataziba kwa simenti, na simenti na chokaa hazipatani, ukuta wa chokaa unapumua, simenti inafungia unyevu na chumvi ndani, baada ya muda plasta inavimba na kumwagika kama unga. Mji Mkongwe upo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kazi za kubadilisha nyumba zinatakiwa kupitia kwanza kwa mamlaka ya uhifadhi ya mji.

Ila mama, wazee wetu walishakutengenezea mahali pa spika. Vidaka, vile vishimo vya kuwekea vitu vilivyojengwa ndani ya ukuta! Kama ukumbi wako una vidaka ukutani, spika ndogo za boksi zinakaa mle vizuri kabisa. Chagua zile ambazo tundu lao la hewa lipo mbele, sio nyuma, zisogeze mpaka uso wake uwe sawa na ukingo wa kidaka, chini weka kipande cha raba, na nyuma na pembeni jaza kitambaa kizito au pamba, maana kidaka kitupu kinavuma. Waya upitishe juu ya ukingo wa sakafu au kwenye pembe ya boriti, kwa vibanio, bila kutoboa. Vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba kwa sababu boriti za mkoko ndo zinapanga upana, kwaiyo spika ndogo tu zinatosha kujaza ukumbi. Na kwa chumvi ya pwani chukua spika yenye koni ya plastiki kuliko ya karatasi, na kila mwaka fungua ncha za waya uangalie ukijani, ukiuona kata sentimita moja, menya upya.

SWALI: Fundi mambo vipi, nipo Columbus, Ohio, nimenunua nyumba ya mbao juzi. Huku kuta ni wazi ndani, so naweza kukata bodi mwenyewe wikendi?

JIBU: Poa kabisa. Huko ndo kwenyewe, unaweza. Miimo ya mbao kwa kawaida ipo kila inchi 16 na uwazi ndani ni inchi 3 na nusu, kwaiyo soma kina cha spika kabla ya kulipa. Usitumie ukuta wa nje, una pamba ya kuzuia baridi, na kama nyumba imeungana na ya jirani ule ukuta wa kati wa kuzuia moto usiukate. Tumia kuta za ndani. Waya lazima uwe umeandikwa CL2 au CL3 kwenye ganda, huo ndo unaoruhusiwa kuzikwa ukutani, ganda lake halibebi moto kirahisi.

Kabla hujakata shimo kubwa toboa tundu dogo katikati ya alama, chukua hanga ya chuma ya nguo, ipinde kona ya inchi 5, iingize kisha izungushe mduara mzima. Ikigonga kitu simama, inaweza kuwa mbao, bomba la maji au waya wa umeme. Isipogonga, weka karatasi ya kipimo iliyokuja na spika, hakikisha ipo sawa kwa kutumia pima maji, kata. Spika ina masikio pembeni, ukikaza skrubu ya mbele yanageuka na kuishika bodi kwa nyuma. Kaza kwa mkono, sio kwa drili, bodi inavunjika.

SWALI: Fundi, niko Kisauni, Mombasa. Nimeweka spika nne za silingi, omu 8 kila moja, zote kwa amplifaya moja. Nikiongeza sauti inazima, na besi haipo kabisa. Spika ni feki?

JIBU: Sidhani kama ni feki ndugu yangu, naona ni uungaji. Kama nne zote umezikusanya kwenye tundu la upande mmoja, chanya na chanya hasi na hasi, basi omu 8 gawa kwa 4 unabaki na 2, amplifaya nyingi za nyumbani haziwezi hiyo, inapata moto inajizima ijiokoe. Gawanya mbili kushoto mbili kulia, kila upande utakuwa na omu 4, na angalia nyuma ya amplifaya kama 4 imeandikwa. Kama haikuandikwa, hizo mbili za kila upande ziunge mfuatano, waya unatoka ya kwanza unaingia ya pili, utapata 16, sauti itashuka kidogo ila amplifaya itatulia.

Besi kupotea, hiyo ni kwamba kuna spika umegeuza chanya na hasi. Moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta, zinauana. Zima amplifaya, chomoa waya zote nyuma yake, tenganisha kila spika na waya wake, toa wavu. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, ile ya rimoti, gusisha chanya ya betri kwenye waya unaodhani ni chanya na hasi kwenye hasi, sekunde moja tu, mwenzio awe juu ya ngazi anaangalia koni. Itasikika "tk". Ikisogea kuja kwake, waya upo sawa, funga tepu nyekundu. Ikirudi ndani kuelekea darini, geuza. Fanya zote nne ndipo uunge tena.